Kiwiko cha Fainali

Juzi mtaani Newtown, huku ughaibuni, nikisubiri pilau kwenye mgahawa wa Waswahili, niliona fainali ya zamani ikirudiwa kwa maneno pale kaunta. Wazee wawili, mmoja wa Tanga na mwenzake wa Dar, walibishania mechi ya ujana wao, ile ambayo timu zao zilipigana mateke zaidi ya zilivyoupiga mpira.

"Beki wenu alimtia winga wetu kiwiko hapa!" mzee wa Tanga alifoka, akijigonga mbavu.

"Kiwiko gani? Eish! Yule alijirusha mwenyewe!" Mzee wa Dar akainuka kuonyesha alivyojirusha, kofia yake ikatua kwenye kachumbari.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Kwani mlikaa jukwaa gani?"

Wakatazamana. Wa Tanga alikuwa barazani kwa mjomba wake, wa Dar alikuwa kwa kinyozi. Wote waliisikiliza redioni.

"Mimi nilikuwa uwanjani, karibu kabisa na mstari," mama akasema. "Hakuna aliyempiga mtu kiwiko, wala aliyejirusha. Mvua ilinyesha, winga akateleza."

Nikadhani ubishi umekwisha. Mzee wa Dar akaokota kofia yake, akaipangusa kitunguu taratibu.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "kiwiko kilikuwepo. Mtangazaji alikisema mwenyewe."

Mzee wa Tanga akampa mkono. Baada ya miaka yote hiyo ya kumtetea, mzee wa Dar alikubali beki wake ahukumiwe, mradi fainali yao isigeuke kuwa utelezi.