Upindo wa Gauni la Bi Mwanvita

Mwaisha alikuwa fundi cherehani mjini, mtaa wa Mji Mpya, na kila Idi alimshonea mama yake gauni, akampelekea mwenyewe Kinole, kule milimani. Bi Mwanvita aliishi huko peke yake na migomba yake tangu mumewe afariki. Mwaisha hakuwa na haja ya kumpima. Vipimo vya mama alikuwa navyo kichwani tangu alipokuwa bado anajifunza kushona.

Mwaka mmoja gauni likaburuza. Bi Mwanvita alisimama mlangoni, amelinyanyua kwa vidole kama mtu anayevuka matope.

"Mwanangu, hili umenishonea mimi au umemshonea bibi harusi?"

Wakacheka. Mwaisha alijilaumu kwa kukata vibaya, akachukua sindano ya mkono, akapandisha upindo. Idi iliyofuata alikata fupi zaidi, na bado likaburuza. Safari hiyo aliona pia kuwa mabega ya mama yamekuja mbele na mgongo umeanza kufanya kibiongo.

"Uzee huo," Bi Mwanvita akasema, na Mwaisha akaona ni kweli, maana nani asiyezeeka? Akapandisha upindo, wakala pilau.

Maumivu yenyewe mama hakuyasema sana. Mgongo ukimzidia, jirani alimkanda kwa maji ya moto, akameza vidonge vya dukani, kesho yake akajitwika tena mkungu wa ndizi. Mwaisha akipiga simu, jibu lilikuwa lile lile: "Mgongo tu, mwanangu. Tumeshazoeana."

Siku ya kuvunjika, Bi Mwanvita hakuteleza wala hakuanguka. Aliinama kuinua ndoo ya maji, akasikia kitu kinakatika kiunoni, akabaki ameushika ukuta, hawezi mbele wala nyuma. Majirani walimteremsha kwa machela ya miti hadi barabarani, Mwaisha alikokuwa akingoja na gari. Kutoka pale hadi mjini, kila shimo gari ilipoingia, alilia kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia.

Daktari wa hospitali, kijana aitwaye Deogratias, alimwamkia bibi kwa heshima, akaagiza picha ya mgongo, kisha akamwita Mwaisha pembeni.

"Pingili mbili zimebonyea, dada. Hii ya chini ni ya juzi. Hii ya juu ni ya zamani kidogo. Mifupa ya mama imedhoofika, imekuwa na vitundu ndani kama sega la nyuki. Kina mama wengi hupatwa na hayo baada ya hedhi kukoma, polepole, bila kelele. Hamkuona akipungua kimo?"

Mwaisha aliigusa ile pingili ya juu kwenye picha.

"Niliona," akasema. "Nilikuwa nampunguzia gauni."

Daktari hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alisema tu kwamba lau dawa ingeanzwa alipoanza kupungua kimo, huenda pingili ya chini ingesalimika.

Bi Mwanvita akahamia kwa mwanawe. Alipewa vidonge vya kutuliza maumivu, na kingine cha kuimarisha mifupa, cha mara moja kwa wiki. Hicho alikimeza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji matupu, kisha akakaa wima nusu saa nzima, maana akilala kingemchoma koo. Mwaisha alimpikia dagaa na mchicha, akamtoa nje kuota jua. Mtaalamu wa mazoezi akamfundisha kusimama kisigino ukutani na kuvuta mabega nyuma, kutembea kidogo kila siku badala ya kushinda kitandani, na kupiga magoti akitaka kuokota kitu badala ya kuinama. Lililomuuma moyo zaidi lilikuwa kuswali kwenye kiti. Siku ya kwanza alimaliza swala, akaiacha chai mpaka ikapoa.

Miezi ikapita, maumivu yakapungua, akaanza kulala usingizi. Kimo hakikurudi. Siku moja akaomba apelekwe akaone shamba. Gari iliwafikisha mwisho wa barabara, na kutoka pale njia ni ya kupanda tu. Bi Mwanvita alijaribu hatua chache na mkongojo wake, akasimama. Ikabidi Mwaisha apande peke yake, mama akamngoja kwenye benchi la duka.

"Magugu?" Bi Mwanvita aliuliza aliporudi.

"Yamejaa, mama."

"Na ile migomba ya mkono wa tembo kule kwenye ukingo?"

"Imeangukia bondeni. Haikupata mtu wa kuiwekea miti ya kuitegemeza."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nakwambia ni mgongo tu. Ningekwambia unavyoniuma, leo ningepanda mwenyewe."

"Na mimi ningeuliza. Nilikuwa na macho."

Bi Mwanvita alikuwa akitazama juu, kwenye migomba, akijaribu kuinua shingo aione yote, na mgongo haukumruhusu.