Shamba Lililovuka Songwe

Nakumbuka Jumamosi moja ambayo mpaka leo ikinijia kichwani nasahau nilichokuwa nafanya, mwanangu, wala si kwa uzee. Uzee bado sijaufikia. Nakuita mwanangu kwa sababu kwetu Katumba Songwe mdogo wa mama yako naye ni mama, hata kama amekuzidi miaka michache tu. Juzi uliniuliza, "Mama mdogo, na mimi nitume chemsha bongo kwenye ule ukurasa?" Nikaona bora nikae nikueleze.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani. Shule niliishia njiani. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, na hofu ya kukosea imenikaa mwilini kama homa isiyopona. Ujumbe wa kumuuliza mtu kama amefika salama naweza kuufuta na kuuandika upya mpaka yeye mwenyewe apige simu kusema amefika. Raha yangu ilikuwa ukurasa mmoja wa mtandaoni unaotoka kila Jumamosi, wa mambo ya ajabu na mafumbo ya kupumzishia akili. Niliwasomea wa nyumbani tukiwa tunachambua mboga. Siku tuliyopata fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na mchicha, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi mdogo, wote walikuna vichwa isipokuwa Bibi Tumpe, mama mzazi wa mama yangu. Yeye aliuliza tu, "Huyo chui, aliyemuuzia ni nani?"

Bibi alikuwa na haki ya kuuliza mambo ya mto. Songwe ndiyo mpaka wetu na Malawi, na Songwe haina adabu. Masika fulani ilifurika, ikakata njia nyingine, na maji yalipotulia shamba la mpunga la Bibi lilikuwa ng'ambo, na majaruba yake yote. Jirani wa huko ni Mzee Ambakisye, aliyeoa kwenye ukoo wetu. Angeweza kulilima akanyamaza. Badala yake, kila msimu alimletea Bibi mtumbwi, na wanawe wakamfukuzia ndege mpaka avune. Hawakuandikiana kitu. Walielewana, basi.

Nikatunga kitendawili: "Nililala Tanzania, nikaamka Malawi, na mguu sikunyanyua." Nilikipima neno kwa neno, nikakituma kwenye ule ukurasa pamoja na maelezo mafupi ya wema wa Mzee Ambakisye. Nilijiona nimeshona nguo isiyo na uzi hata mmoja uliolegea.

Jumamosi ikafika, nikafungua. Kichwa cha habari: "Bibi wa Kyela Aporwa Shamba na Mto, Jirani Ajilia Mpunga." Mtumbwi walikuwa wameukata. Kufukuza ndege wamekata. Jina la Mzee Ambakisye wamelibakiza. Chini wameweka swali: "Je, bibi huyu ni raia wa nchi gani? Jibu wiki ijayo." Na chini ya hapo watu wamejaza nyuso za kucheka.

Hawakukosea, mwanangu. Kukosea nakujua, naishi nako. Wale waliona ukweli hauna chumvi, wakatia chumvi kwa jina la mtu wasiyemfahamu. Niliwaandikia. Waliona ujumbe, hawakujibu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembea. Mzee Ambakisye ana mpwa anayeuza vitenge sokoni Kyela. Alisomewa habari hiyo mbele ya wateja wake, wakicheka. Kabla jua halijazama, ilikuwa imeshavuka mto.

Mpunga ulikuwa umeiva, umeinamisha vichwa. Mtumbwi haukuja. Kesho yake haukuja. Bibi alisimama ukingoni akitazama ndege wanavyotua ng'ambo, na hakuna aliyewarushia hata bonge la udongo. Mpunga ukipitiliza unapukutika, na ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka.

Mimi nilikuwa ndani, naandika.

"Unaandika nini?" Bibi akaniuliza.

"Nawajibu, Bibi. Sitaki waone kosa hata moja."

"Ndege wanakula, wewe unapanga nukta." Akaichukua simu, akaiweka juu ya kabati. "Maneno yote umeyapima. Mtu anayesemwa hukumpima. Ulikuja kuniuliza mimi? Ulimuuliza yeye? Inuka twende."

Tuliazima mtumbwi, tukavuka. Mzee Ambakisye tulimkuta uani kwake na wanaume wenzake, wanapukuchua mahindi. Bibi akawasalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile." Wengine waliitikia kwa sauti ya chini. Yeye hakuinua uso.

"Karibuni kwa mwizi," akasema. "Kama hamuogopi kuibiwa viatu."

"Viatu nimeviacha mtumbwini, shemeji," Bibi akajibu.

Mmoja akacheka, kisha akajikohoza.

"Umekuja kukagua shamba nililokula?"

"Nimekuja kutega. Kitendawili!"

Mtu aliyelelewa hawezi kuliacha neno hilo likining'inia hewani, hata kama amekasirika namna gani. Mzee alipukuchua gunzi moja mpaka likaisha. "Tega," akasema, kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

"Nililala Tanzania, nikaamka Malawi, na mguu sikunyanyua."

Kila aliyekuwa pale alijua jibu. Yeye alilijua kuliko wote.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Karonga. Kama huo nao sijauiba."

Desturi unaijua, mwanangu, ingawa siku hizi mnairuka mbio mbio mlipate jibu. Aliyepewa mji kwanza husimulia alivyofika huko na alivyopokelewa, ndipo afumbue. Bibi akakaza kitenge chake, akasimama katikati ya ua.

"Nilikwenda Karonga," akasema. "Nilifika sina shamba, mto umelichukua. Nikamkuta mtu ambaye angeweza kusema ni lake, na hakuna ambaye angembishia. Hakusema. Aliniletea mtumbwi. Wanawe walifukuza ndege kwenye mpunga usio wao. Nikavuna, nikapika, wajukuu wakala. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "amekula mpaka akapata nguvu za kuandika. Jibu ni shamba. Na mji wake namrudishia, maana nilipokelewa vizuri."

Mzee Ambakisye akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ndiye huyu aliyeandika?"

"Ndiye."

"Ana mkono mzuri," akasema. "Wa kuchinjia."

Nikamweleza nilichotuma na walichokata. Nikamwomba radhi kwa kumweka hadharani bila kumuuliza. Kiswahili changu na Kinyakyusa vilipandana kama mbuzi zizini, na kwa mara moja maishani sikujisahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mahindi yake.

"Kesho njoo na mundu," akasema. "Simu ibaki kwenu."

Asubuhi mtumbwi ulikuja. Upande wa ukingoni ndege walikuwa wameshamaliza, na Bibi alipita pale bila kuugeukia. Uliobaki tuliuvuna, na wanawe wakatusaidia kubeba.

Ule ukurasa ulitoa jibu Jumamosi iliyofuata: "Bibi ni raia wa majini." Watu wakacheka tena. Hawajasahihisha mpaka leo, na mimi sijapoa. Wapo watakaokuambia, ni utani tu wa mwisho wa wiki. Mkuki kwa nguruwe. Siku watakapochomwa wao ndipo watakapouona ni chuma.

Basi sikia, mwanangu. Soma. Tega na uteguliwe, ushangae mambo ya dunia, sikukatazi. Lakini kila ajabu unayoisoma ina mwenyewe, na mwenyewe anakula, analala, ana majirani. Kabla hujacheka, jiulize nini kimekatwa. Kabla hujatuma, vuka mto ukamuulize mwenyewe, hata kama sentensi zako zimenyooka kama mistari ya daftari. Ukiharibu, usijifungie ndani kutafuta maneno yasiyo na dosari. Nenda na yale uliyonayo, mapema, ndege hawangoji. Na ukipewa mji, usiukimbie. Simulia ulivyopokelewa.

Mungu akupe akili ya kufumbua na ulimi wa kumtaja aliyekutendea wema. Na siku mto utakapohama na shamba lako, ng'ambo ukute mtu wa kukuletea mtumbwi.