Maji Yakishabebwa

Juzi nilirudi Ushetu kumzika kaka yangu. Watu walipotawanyika nilishuka peke yangu mpaka kisimani, nikakuta kimefukiwa na juu yake wamepanda tumbaku. Nikasimama pale kama mjinga, mdomo unatamka maneno usiyoyajua, mwenzangu, kwa hiyo kaa nikueleze. Nimesoma madarasa mawili tu kwa katekista, usitegemee maneno ya kupambwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Padri mzungu wa misheni alimwona kaka ana akili, akamwachia karatasi ya maneno ya Kilatini na kusema atarudi baada ya mavuno kumsikiliza. Akiyajua, anakwenda seminari. Baba alisema mara moja tu: "Padri akikuchukua, nenda. Asipokuchukua, utakwenda Geita ukachimbe dhahabu na wenzako." Kaka alikwisha kuona mtu aliyefukiwa na shimo akirudishwa kwao kwenye machela. Hakuitaka Geita.

Basi akaanza kukipa kila kitu cha nyumbani jina la pili. Moto ukawa ignis. Ng'ombe, vaka. Mama, mater. Panis alisema ni mkate, na kwa kuwa hakuna kwetu aliyewahi kuuona mkate, jina hilo tukaupa ugali wa uwele. Mama anasonga, kaka amechutama mlangoni anaita, "Ignis, panis, mater." Mama akamwambia, "Wewe, kama ni mizimu ya Wazungu unaita, kaiitie zizini. Hapa napika."

Mwanafunzi wake nilikuwa mimi, maana sikuwa na pa kukimbilia. Nikianika michembe, ile ya viazi, ananiuliza. Nikitoka kisimani na mtungi kichwani, anatembea kinyumenyume mbele yangu akisema, "Puela akwam portat." Msichana anabeba maji. Hapo ndipo kichwa kilipovurugika, na mpaka leo hakijatulia. Asubuhi aliniambia maji ni akwa. Hii akwam imetoka wapi?

"Yakishabebwa yanageuka," akasema.

"Yanageuka nini? Si ndiyo haya haya yananimwagikia shingoni?"

"Usiulize sana. Hata mimi sikuambiwa."

Nikayashika hivyo hivyo. Kaka alielewa upesi na kusahau upesi. Mimi sikuelewa kitu, ila sikusahau.

Sasa lazima ujue tulivyolima. Kila mtu alipewa tuta lake, mnaanza pamoja. Ukimaliza la kwako huendi kukaa kivulini. Unakwenda mwisho wa tuta la aliyebaki nyuma, unalima kumfuata mpaka majembe yenu yakutane. Hakuna anayeuliza nani kalima wapi. Tuta limekwisha, basi. Mtoto anayekaa kumtazama mwenzake akihangaika alichapwa, nami nilikwisha kuchapwa.

Padri akaja, akaketi uani na baba. Mama akanituma maji ya mgeni. Nilipokaribia na mtungi wangu, padri akaninyooshea fimbo yake, akamwambia kaka, "Haya. Sema unachokiona."

"Puela," kaka akasema. Akakwama hapo.

Nikapiga magoti kuutua mtungi. Niliona vidole vya miguu ya kaka vinachimba vumbi. Tuta lilikuwa limemshinda. Nikaenda kumfuata.

"Akwam portat," nikasema.

Padri alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Nani amekufundisha wewe?"

"Kaka."

Nilidhani nimemsifia. Kaka hakuinua uso. Baba alinitazama kama mtoto asiye wake, maana msichana aliyepiga magoti mbele ya mgeni hufungua mdomo kwa kusalimia tu. "Nenda jikoni," akasema. Kule jikoni nilisikia padri akiendelea kuuliza. Majibu sikuyasikia. Akaandika kitu kitabuni, akanywa maji niliyoleta, akaenda zake.

Mwaka ule seminari alikwenda kijana wa Segese. Kaka alikwenda Geita. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Labda alikosa na mengine. Labda kwa padri tuta ni la mtu mmoja, na aliyesaidiwa huhesabiwa hakulima. Labda baba ndiye aliyekataa, kwa aibu yangu. Nilipomuuliza mama alinipa mtama nitwange.

Kaka alichimba, akasukuma toroli, akarudi na kikohozi chake, akaoa, akazeeka. Hakulitaja hata siku moja. Nami ninayewagombeza watu wazima kwenye jumuiya, hilo niliogopa kuliuliza.

Mwezi uliopita nilikuwa namuuguza. Nikampelekea maji kwenye kikombe cha bati. Akanitazama kitambo, akasema, "Puela." Kisha akangoja.

Sikujua ananisamehe au ananisuta. Nikakaa na kikombe mkononi, bibi mzima wa wajukuu. Safari hii nilimwacha amalizie mwenyewe. Hakumalizia. Akanywa, akageukia ukutani.

Siku hizi misa ni ya Kiswahili, uwele haulimwi tena pale kwetu, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza kwa nini maji yakibebwa yanabadili jina. Juzi, pale kwenye tumbaku, niliisema ile nusu yangu kwa sauti, akwam portat. Nikangoja kidogo. Kisha nikapanda kurudi matangani.