Marehemu Hakuwa wa Jumuiya Yetu

Habari za kifo chake nilizipata kwenye simu, nikiwa ofisini Rubwera, na nikalia. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza nimefiwa na nani. Nikamwambia ni yule mcheza mieleka wa kwenye video, wa Marekani. Akacheka mpaka akaishika meza. Sijamsamehe hadi leo, wala sina mpango.

Angejua nini, mtoto wa mjini? Sisi kule Kaisho tulikuwa na banda la video la mabati, jenereta linaunguruma nje, na kila Jumamosi tukishapalilia maharage nilikuwa nampeleka bibi yangu kumtazama yule bwana. Nilikuwa darasa la tatu. Bibi alikaa mbele kabisa. Kwake hakukuwa na maigizo pale: refa amehongwa, basi. Alikuwa anapiga kelele kwa Kinyambo, "Geuka, yuko nyuma yako!" Yule mtu hakugeuka hata siku moja, jamani, na bibi akawa anamlaumu kwa ubishi.

Siku alipopigwa kiti cha chuma, damu ikamtoka usoni, bibi alitoka nje akachuma mubirizi, yale majani machungu tunayotibia kila kitu. Akayasugua viganjani, akaenda kuyabandika kwenye kioo cha televisheni, palepale penye paji la uso. Mwenye banda alipiga yowe! Bibi akamwambia, "Wewe unakula kwa damu yake, nyamaza." Wiki iliyofuata jamaa alirudi mzima, na wote tulijua nani kamponya.

Kwa hiyo habari ile ya kifo sikuweza kumpa bibi kwa simu. Nilipanda bodaboda mpaka Kaisho, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia.  Bibi akauliza kama wamemzika vizuri, nikasema sijui.

Kesho yake ilikuwa siku ya jumuiya. Majirani Wakatoliki tunasali nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa ya bibi. Ulipofika wakati wa maombi, akasimama. "Tumwombee marehemu wangu."

Mwenyekiti wa jumuiya alipoelewa ni nani, alikunja uso. "Mama, huyu hakuwa wa jumuiya yetu. Alikuwa anasali wapi?"

"Alikuwa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kupigana."

"Hata wachezaji wa mpira wanafanya hivyo. Halafu mama, tuseme ukweli, yule mtu alikuwa anashinda kwa hila."

Mungu wangu! Kumbe mwenyekiti tangu ujana alikuwa shabiki wa mpinzani wa mtu wetu! Watu wazima wakagawanyika palepale, rozari mikononi. Mmoja akasimama kuonyesha shingo ilivyokabwa, akamkaba katekista wa watu mpaka miwani ikaanguka. Mimi nilikuwa nimekasirika hasa, nusura nitukane mbele ya msalaba. Bibi alikuwa bado amesimama, anasubiri aombewe mtu wake.

Mwenyekiti akapaza sauti kuwanyamazisha. "Basi mama, tuambie. Huyu ni nani wako?"

Bibi alivuka mto Kagera akiwa msichana, anakimbia vita, na ndugu zake walibaki ng'ambo. Nyumbani kwetu habari zao hazikuwa zinaulizwa. Akajibu taratibu, bila hasira.

"Kaka zangu sijui kama walikufa. Hakuna aliyekuja kuniambia. Huyu nimeambiwa. Niacheni nimlilie huyu."

 Mwenyekiti akapiga magoti wa kwanza, na sauti yake haikuwa ileile alipomwomba bibi ataje majina ya hao kaka zake. Bibi akayataja, moja baada ya jingine. Mimi mjukuu wake nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Mwishoni akalitaja jina la yule mcheza mieleka, kama mdogo wao, na tukawaombea wote.