Kibao Kisichotulia

Kazi yangu ni alama za barabarani. Nikisema hivyo watu hudhani mimi ni askari wa kusimamisha magari, wakaanza kunilalamikia kabla hata hatujamaliza salamu. Mimi si askari. Mimi ni fundi sanifu: nachora mistari, napima upana wa njia, nahesabu vyombo vinavyopita, na kibao kikianguka, mimi ndiye ninayepanda ngazi kukirudisha. Katika kitengo chetu mwanamke ni mimi peke yangu. Mwenzangu ninayetoka naye kazini ana umri wa baba yangu, na magoti yake hayataki tena kusikia habari za kupanda. Kwa hivyo mpandaji ni mimi, mshikaji ngazi ni yeye.

Siku za mwanzo, nikipanda na suruali yangu pana na koti la kung'aa, mtandio nimeufunga nyuma usiingie kwenye drili, mabaraza ya Mji Mkongwe yalikuwa yakinyamaza kimya. Siku hizi wananiambia tu, "Angalia usituangukie, kahawa ya moto hii."

Uchochoro ulionitesa uko nyuma ya soko la Darajani. Ni mwembamba hata vespa mbili zikikutana, lazima moja irudi nyuma, na mwanamme wa mjini yuko tayari kufa kuliko kurudi nyuma mbele ya watu. Malalamiko yalipozidi, mkubwa wangu wa kazi akaamua njia iwe ya upande mmoja. Alikunjua ramani mezani, akaitazama kichwa upande, akachora mshale kuelekea sokoni. Nikamuuliza kwa nini kwenda sokoni na si kutoka sokoni. Akanijibu kuwa ndivyo unavyokaa vizuri kwenye ramani.

Sasa, kuta za Mji Mkongwe si za kutoboa utakavyo. Ni mawe na chokaa, na wanaohifadhi majumba yale wanazilinda kama mboni ya jicho. Tuliomba ruhusa ya matundu manne, tukapewa moja. Kibao changu cha buluu chenye mshale mweupe kikashikwa na boliti moja tu ya katikati, pale kwenye kona, ambapo anayeingia kwa upande wowote anakiona. Nilikaza nati mpaka spana ikalia. Nikashuka nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya nne mkubwa akanipigia simu.

"Kile kibao umekielekeza wapi?"

"Sokoni, kama ulivyosema."

"Basi mimi nimesimama chini yake hapa. Kinaelekea pwani."

Gari yetu haiingii huko ndani. Tuliiacha Darajani, tukaibeba ngazi mabegani, mwenzangu mbele akipiga kelele "Njia! Njia!", mimi nyuma nikiwaomba radhi wote aliowagonga yeye. Tulipofika, kweli, mshale ulikuwa umegeuka kisawasawa, haukupinda hata kidogo, kama uliowekwa na mtu mwenye pima-maji.

Nilipokuwa juu nakaza, dirisha lililo juu ya kibao likafunguka. Akatokeza bibi mmoja, kanga kichwani, uso mwembamba, macho maangavu kama ya paka aliyeshiba.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja? Maana mshale wenu leo umeamkia kwengine." Akaitazama ngazi yetu toka juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Hebu ukimaliza hapo, maadamu ngazi mnayo. Nna globu imekufa tangu kabla ya Ramadhani, na dari zenyewe hizi unaziona. Fundi kila nikimwita ananambia kesho. Huyo mwenzio na akae barazani, kahawa inakuja."

Ningekataaje? Niliingia, nikabadilisha globu. Dari za nyumba zile ziko juu sana, hata tochi inachoka kabla haijafika. Alikuwa anaishi peke yake. Watoto wake watatu, akanieleza, mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, na mmoja Fuoni, hapa karibu tu na mjini. "Huyo wa Fuoni ndiye nnayemuona kidogo kuliko wote," akasema, akanimiminia juisi ya ukwaju.

Wiki iliyofuata kibao kikageuka tena. Nikaenda, nikatia nati mbili badala ya moja. Bi Mkubwa akachungulia, tukaamkiana, na maadamu ngazi ilikuwepo, nikamtundikia pazia la ukumbini. Safari ya tatu nikatia gundi kwenye nati, kisha nikaishusha saa ya ukutani iliyokwama saa nne na robo. Safari ya nne nikazitia mafuta bawaba za dirisha la nyuma, nikala vipande viwili vya mkate wa kumimina, na kimoja nikafungiwa kwenye karatasi nikale nyumbani.

Uchochoro mzima ulikuwa na maoni. Mwenzangu alianza kwa kulaumu mtikisiko wa jenereta ya hoteli ya jirani. Jenereta ilipoharibika na kibao kikaendelea kugeuka, akahamia kwa majini. Wazee wa barazani walisema ni vijana wa vespa. Vijana wa vespa wakasema ni wazee wa barazani, hawana kazi. Mtu mmoja alinishauri kwa dhati kabisa nikifukizie ubani. Mimi nilikuwa nimeanza kuamini kuwa sijui kukaza nati, jambo linalouma kwa mtu aliyekaa chuoni miaka mitatu akifundishwa kukaza nati.

Mkubwa wangu naye subira ilimwishia. "Kikigeuka mara nyengine," akaniambia, "nakuhamishia njia ya Mkokotoni, ukachore mistari mpaka ugeuke makaa."

Kikageuka mara nyengine. Safari hii kulikuwa na ajali.

Ilikuwa adhuhuri, wanaume wamo msikitini, uchochoro mtupu. Kijana mmoja aliingia na vespa kutoka upande wa pwani, amebeba godoro lililokunjwa baina ya magoti yake na usukani. Alikitazama kibao, kikamwambia pita, akapita. Alipofika kwenye mlango wa jamaa yake akasimama kidogo kusalimia. Muda ule ule akaingia mwengine kutoka sokoni, nyuma amefunga trei za mayai. Naye akakitazama kibao, kikamwambia pita, akapita. Wakakutana pua kwa pua. Godoro likapokea pigo lote, na mayai hayakuvunjika hata moja mpaka alipotokea msuluhishi kutoka msikitini, ambaye katika kuwatuliza alirusha mkono, akaliangusha yai akalikanyaga.

Nilipofika na ngazi, wote wawili walikuwa wakiapa kuwa mshale ulikuwa wao.

"Wallahi ulikuwa unaelekea sokoni!"

"Mimi kipofu? Si huo hapo, unaelekea pwani!"

Ubaya ni kwamba wote wawili walikuwa na nyuso za watu wakweli, na mimi niliwaamini wote wawili. Nikapanda ngazi nimekasirika, nikakishika kibao kwa mikono miwili kama ninayetaka kukipiga kofi, pua yangu ikakaribia ukingo wake. Kikanukia kitunguu thomu.

Nikanusa tena. Thomu, tena mbichi, na pilipili kidogo. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na doa la kijani lililoanza kukauka, ukubwa wa shilingi. Majini, kwa ninavyojua mimi, hawatwangi pilipili wala kisamvu.

Dirisha likafunguka.

"Mwanangu, ukimaliza hapo..."

"Naam, Bi Mkubwa. Nnakuja."

Safari hii ilikuwa ndoano ya chandarua, chumbani kwake, dirisha lile lile la juu ya kibao. Nilipoingia, jicho langu halikwenda kwenye ndoano. Lilikwenda pembeni mwa dirisha, ambapo palikuwa pameegemezwa mchi, mrefu, mzito, ncha yake mbichi.

"Bi Mkubwa," nikasema, "kinu chako unakiweka wapi?"

"Jikoni, chini."

"Na mchi?"

Akautazama mchi. Akanitazama mimi. Nikaona anapima kama kuna uwongo wowote unaoweza kusimama kwa miguu yake. Hakuuona.

"Umepanda kupunga upepo," akasema, na kicheko kikamtoka kwa puani.

Nilikasirika, nisiseme uwongo. Nilimwambia habari za Mkokotoni. Nilimwambia habari za mayai. Nilimwambia kwamba kwa wiki tano nimekuwa nikijiona fundi mbovu kuliko wote Unguja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"La mayai limeniuma, na huyo kijana nshamwita, yai lake nitamlipa. Lakini nikuulize, mwanangu. Globu imekufa, nimwite nani mwenye ngazi? Fundi kesho, mwanangu wa Fuoni Jumamosi ijayo, na Jumamosi zenyewe hazifiki. Siku ya kwanza kile kibao kiligeuka bure tu, nlikuwa nnaanua kanga dirishani, nikakipiga na ubao wa kuanikia. Siku ya pili yake mmekuja na ngazi ndefu, na mtu mwenye adabu juu yake. Basi nikasema, kumbe kuna kengele hapa, na mimi nakaa miaka yote hii siijui."

Nikajaribu kubaki na hasira yangu. Haikukaa.

"Tena," akaongeza, kidole kimeinuka, "mshale wenyewe mmeuweka vibaya. Asubuhi watu wanatoka sokoni na vikapu na magunia wanarudi majumbani. Nyinyi mnawaambia wazunguke mpaka wapi? Nnakaa dirishani hapa tangu nlipoolewa. Nani aliyekuja kuniuliza?"

Hakuna aliyekuja kumuuliza, huo ndio ukweli. Nilifunga ndoano ya chandarua. Kisha nikamwapisha kuwa hatakigusa tena kibao.

"Sikigusi."

"Hata kwa mchi?"

Akasita kidogo. "Hata kwa mchi."

Na mimi nikaahidi kuwa kila baada ya Alhamisi mbili nitapita baada ya kazi, kibao kimegeuka hakikugeuka.

Chini, mwenzangu alikuwa anamalizia kikombe cha tatu na kashata mkononi. Alinitazama usoni.

"Umeshajua," akasema.

"Wewe ulijua?"

"Tangu safari ya pili. Nlikuwa nimekaa hapa hapa, nimerudi peke yangu kwa ajili ya kahawa, nauona mchi unashuka kutoka dirishani kama mguu wa korongo." Akafuta midomo. "Kahawa yake ina hiliki. Ningesema nini?"

Sikuzungumza naye mpaka Darajani, ingawa ngazi moja tulikuwa tumeibeba wote wawili.

Kilichobaki kilikuwa ripoti. Fomu yetu ina mstari unaosema "Sababu ya hitilafu", na mkubwa wangu huusoma mstari huo kabla ya yote. Kumtaja Bi Mkubwa sikuweza. Mtu amenilisha mkate wa kumimina, na mwengine akanifungia. Kuandika uwongo pia sikutaka, kwa sababu sahihi chini ni yangu. Nikakaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika maneno matatu ambayo yalikuwa kweli tupu: "Msukumo kutoka juu."

Kesho yake asubuhi akaniita ofisini kwake. Akafunga mlango mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akakaa, akaishusha sauti.

"Kutoka juu wapi?"

"Juu tu, mkubwa. Juu ya pale."

"Unamjua anayesukuma?"

"Namjua. Lakini ni mtu mzima, kumtaja naona si adabu."

Akatikisa kichwa taratibu, paji la uso limemtoka jasho. Ndipo nilipofahamu kuwa mkubwa wangu anafikiria ofisi zenye mazulia na magari yenye bendera. Nilifungua mdomo nimrekebishe. Wallahi niliufungua. Lakini kabla sijatoa sauti akauliza, "Na anataka nini hasa?"

"Anataka mshale utoke sokoni uelekee pwani."

"Basi kumbe ni hilo tu," akasema, kama aliyetuliwa mzigo wa mawe, nami nikaufunga mdomo wangu.

Wiki ile ile ikatoka barua rasmi ya kubadilisha mwelekeo. Nilikwenda nikakigeuza kibao kwa mkono wangu, na wahifadhi wakatupa tundu la pili, sijui walisikia nini. Baada ya hapo tulikaa pale siku tatu kuhesabu vyombo. Vespa zilitoka sokoni na vikapu vyao zikapita kimya kimya, na wazee wa barazani walilalamika kuwa uchochoro umepoa, hakuna tena ugomvi wa kutazama. Katika kikao cha kitengo mkubwa wangu alieleza kuwa mabadiliko yale yametokana na utafiti wa muda mrefu. Mwenzangu alikohoa mpaka akaletewa maji.

Alhamisi iliyofuata nilipita kwa Bi Mkubwa nikamsimulia yote: fomu, mlango uliofungwa, jasho, mtu mzima asiyetajwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye kidato cha ngazi, kanga amejiziba mdomo, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akajifuta, akawa kama anayefikiri jambo zito.

"Huyo mkubwa wako," akauliza, "ana mke?"

"Anao wawili, Bi Mkubwa."

"Aa," akasema, akainuka kwenda jikoni. "Ndo maana anaogopa sauti za juu."