Mfupa wa Gitaa la Baba

Habari zilinifikia Jumanne nikiwa dukani Thika, napima nondo: yule fundi wa magitaa wa kule Kiuu, Ruiru, ametuacha, na jamaa zake wanamsafirisha kwao magharibi. Wasomaji wangu mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, na leo ukiona geti la maana kutoka Ruiru mpaka Ngoliba, uliza, utaambiwa ni langu. Mimi si mtu wa kusimamishwa na habari. Lakini siku hiyo nilisimama, na mlio wa mashine za kuchomelea ukawa kama unatoka ng'ambo ya mto.

Marehemu baba aliacha gitaa la mbao, kuukuu kunishinda. Kile kibao cha kifuani kinachoshikilia nyuzi, mafundi hukiita daraja, kilianza kubanduka, na kijiti cha mfupa kilichokaa juu yake kikapasuka. Mama, ambaye macho yamemwisha huko Gatuanyaga, alitaka jambo moja tu: alisikie tena kabla masikio nayo hayajaondoka. Nikasema, hiyo nayo ni kazi? Nikatoboa, nikakaza daraja kwa bolti mbili, na mahali pa mfupa nikaweka kipande cha chuma. Likashika, tena sana. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Hiyo ni sufuria."

Ndipo nikampelekea yule fundi wa Kiuu, nikamweleza haja ya mama. Aliligeuza, akacheka mpaka akakaa chini. "Mkubwa, hili ni gitaa ama umeniletea geti?" Nikamwambia afanye haraka, nina watu wananingoja. "Nikiharakisha, kifua chote kitang'oka na daraja. Halafu mama utampelekea nini, kuni?" Nikaketi. Mimi, nikaketi! Akapasha kisu moto, akakiingiza chini ya kibao unywele kwa unywele, huku jua likihama polepole kutoka mlangoni hadi magotini mwangu. Sijui nilikaa muda gani. Daraja jipya alilichonga kwa mpingo wa mguu wa stuli iliyovunjika, akaligandisha kwa gundi, akalibana, akanifukuza kwa siku nne. Mfupa aliuomba kwa mwenye bucha, akauchemsha, akauanika. Niliporudi alikuwa anausugua. Kila akisugua kidogo aliuweka mahali pake, akapiga uzi mmoja, akauma kichwa cha gitaa kwa meno na kufumba macho.

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Nasikiliza, mkubwa. Mfupa ukizidi nitaupunguza. Ukipungua, nitauongeza na nini?"

Tulienda naye Gatuanyaga, akapiga mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa muda mrefu. "Ai, huyo anakimbia. Mwambie apunguze. Mzee wangu hakuwa anakimbia." Fundi akapunguza. Kidole gumba cha mama kikaanza kucheza juu ya leso, taratibu, na vumbi la mchana likawa kama limesahau kutua.

Kila nilicho nacho nimekipata kwa kukaza, na geti husimama hivyo. Kinachoimba, lakini, lazima kiachiwe nafasi ndogo ya kutetemeka, na kuitafuta nafasi hiyo huchukua muda ambao mimi miaka yote niliuita uvivu. Nimefuta wangapi kazi kwa kukawia! Siku hizi nikimkuta mfanyakazi wangu ameduwaa na tupa mkononi, kabla sijapaza sauti, namwuliza kwanza anasikiliza nini.