Bomba Jekundu la Kambini

Kwenye basi letu la wafanyakazi wa ng'ambo, kuelekea maghorofa ya West Bay katika joto la jangwani la Julai, mlinzi wa Kenya alikuwa akimsimulia mpishi wa Zanzibar asubuhi yake ya kwanza kambini, miaka ile.

"Nimejipaka sabuni mwili mzima, nikafungua bomba la buluu. Maji yakanichoma! Nikapiga nduru. Huko nje wakapaza sauti, 'Fungua jekundu!' Nikajua wananicheza."

Mpishi akajipiga paja. "Pole yakhe! La buluu latoka tangini, juani juu ya paa. Hita ya jekundu iko ndani na imezimwa, ndiyo yenye maji baridi."

"Ningejuaje? Nilienda kazini na povu masikioni."

Kiti cha nyuma, kijana aliyefika juzi akauliza taratibu, "Kwa hiyo jekundu ndilo baridi?"

"Ndiyo!" tukajibu basi zima.

Akajipapasa shingo iliyobabuka. Semina ya wageni ilikuwa imemfundisha kila kitu isipokuwa kuoga.